Niahidi Kwanza

"Nina ombi, kaka. Lakini niahidi kwanza kwamba hutanikatalia."

Maneno hayo niliyasikia kwenye simu jioni moja, miaka kadhaa iliyopita, nikiwa kituoni nasubiri daladala. Aliyepiga alikuwa binamu yangu, mtu niliyekua naye, tuliyekula sahani moja. Nikamjibu bila kufikiri: "Sema tu, mdogo wangu. Kwako wewe sina hapana." Ndipo akasema. Alitaka nimdhamini apate mkopo. Sitairefusha habari hiyo. Itoshe kusema kwamba kwa miezi 19 mshahara wangu ulikatwa kulipia pikipiki ambayo sijawahi kuipanda hata siku moja.

Fedha zile zilishapita. Kinachonirudia mpaka leo ni namna mazungumzo yale yalivyokwenda: ndiyo yangu ilitoka kwanza, ombi likaja nyuma yake. Nilitia saini karatasi tupu, mwenzangu akaijaza apendavyo. Tangu siku ile, kila ninaposoma habari za Dasharatha, mfalme wa Ayodhya, namsoma kama ndugu yangu wa damu.

Huyu ndiye baba yake Rama. Wakazi wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wanaoona taa za Diwali zikiwashwa kwa majirani zao Wahindu wanauona mwisho wa kisa chake, pengine bila kujua, kwa maana Wahindu wengi huwasha taa zile kukumbuka Rama aliporejea nyumbani baada ya miaka 14 ya kuishi porini. Leo nataka tuutazame mwanzo. Ni nini kilichompeleka mwana wa mfalme porini? Hakuwa na kosa, hakushindwa vita, wala hapakuwa na njaa. Kilichompeleka ni ahadi ya baba yake.

Kisa kimo katika Ramayana ya Valmiki, utenzi wa Kisanskriti wenye vitabu 7 na beti zipatazo 24,000. Dasharatha alitawala nchi ya Kosala, na mji wake mkuu, Ayodhya, uko kando ya mto Sarayu, katika jimbo linaloitwa leo Uttar Pradesh, kaskazini mwa India. Wahindu wanamhesabu katika ukoo wa wafalme wa jua.

Tusianze kwa kumcheka. Hakuwa mpumbavu. Alikuwa na mawaziri 8 waliosifika kwa busara, na kuhani wake mkuu, Vasishtha, alikuwa miongoni mwa wahenga wakubwa wa India yote. Alikuwa shujaa vitani na mpole kwa raia. Kwa muda mrefu alikosa mtoto, akafanya kafara kubwa, ndipo wake zake watatu wakamzalia wana wanne: Kausalya akamzaa Rama, Kaikeyi akamzaa Bharata, Sumitra akawazaa mapacha Lakshmana na Shatrughna. Mtu wa namna hii, mwenye washauri 8 mezani, aliangushwa na jambo ambalo hakumuuliza hata mmoja wao.

Jambo lenyewe lilianzia vitani. Dasharatha alikwenda kumsaidia Indra, mfalme wa miungu, dhidi ya Shambara, mmoja wa asura, maadui wa miungu. Kaikeyi alifuatana naye. Mfalme akajeruhiwa, akazimia, na Kaikeyi ndiye aliyemwondoa uwanjani akamwokoa. Wasimuliaji wa baadaye huongeza kwamba pini ya gurudumu la gari la vita ilichomoka, na malkia akaingiza kidole chake mahali pake ili gari lisianguke. Mfalme alipozinduka, moyo wake ulijaa shukrani. Akamwambia mkewe achague mambo mawili yoyote atakayo, naye atampa. Kaikeyi akajibu kwamba kwa sasa hana haja, ataomba siku atakayotaka. Mfalme akaridhia.

Shukrani ile ilikuwa halali yake. Nani asingeshukuru? Lakini hebu tuitazame ahadi yenyewe kama mwenye duka anavyotazama deni. Mangi wa mtaani kwangu, akinikopesha kilo mbili za unga, anavuta daftari lake lenye jalada lililochanika, analamba ncha ya kalamu, anaandika jina, kiasi na siku ya kulipa. Ni unga tu, lakini anaandika. Mfalme wa Kosala aliingia deni lisilo na kiasi wala siku. Daftari likabaki wazi kwa miaka na miaka, watoto wakazaliwa, wakakua, wakaoa, na ule ukurasa ukawa bado unasubiri kujazwa.

Wala haikuwa mara yake ya kwanza. Mbele katika utenzi huo, Rama mwenyewe anamfunulia Bharata jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: baba yao, alipomposa Kaikeyi, alimwahidi mkwewe ufalme uwe kama sehemu ya mahari. Tafakari hapo. Mtu anaposa, moyo unamdunda, anataka akubaliwe, anaahidi kiti ambacho hajui nani atazaliwa akikalie. Kwa hiyo tunachokiona ni mazoea, na mazoea hayapigi kelele. Mimi mwenyewe nilipohesabu baadaye, niligundua kwamba "kwako sina hapana" nilikuwa nimeshawaambia watu wanne kabla ya binamu yangu, na kwa kuwa hawakuniumiza, sikujua kuwa nina ugonjwa.

Miaka ikapita, Dasharatha akazeeka. Akaitisha baraza, akasema anataka kumtawaza Rama awe mrithi, watu wakapiga shangwe mpaka mfalme mwenyewe akashangaa. Yote yalikuwa mema. Lakini hapa ndipo dalili zilipoanza kumiminika, na nakuomba msomaji twende polepole.

Ya kwanza ni haraka. Sherehe ilipangwa kufanyika kesho yake, nyota ya Pushya itakapokutana na mwezi. Kwa haraka hiyo, Valmiki anasema, hata wafalme wawili waliostahili kualikwa hawakualikwa: Janaka, mkwe wa Rama, na mfalme wa Kekaya, baba yake Kaikeyi. Eti watasikia habari njema baadaye. Shughuli gani hii ambayo wakwe wanasikia baadaye?

Ya pili, Bharata hakuwepo. Alikuwa ameenda kwa babu yake, huko Kekaya, pamoja na Shatrughna. Na mfalme hakughafilika na jambo hilo. Alimwita Rama faraghani, akamwambia kwamba huu ndio wakati mzuri wa kutawazwa, maadamu Bharata yuko mbali. Akamsifu Bharata kuwa ni mtu mwema, kisha akaongeza kwamba mioyo ya wanadamu hugeuka. Ndugu zangu, mtu anayesema hivyo anajua kuna jambo. Anajua kuna deni mahali fulani. Badala ya kumwendea mkewe mapema na kumwambia, "Mama Bharata, kuna lile tuliloahidiana, hebu tulimalize kabla ya kesho," akachagua kulizunguka.

Ya tatu, ndoto. Alimweleza Rama kuwa usiku anaota vimondo vikianguka kwa ngurumo, na wanajimu wamemwambia nyota yake ya kuzaliwa imezingirwa na Jua, Mirihi na Rahu. Sikutumi uamini ndoto wala nyota. Ninachokiona mimi ni mzee ambaye moyo wake ulikuwa na wasiwasi na asiyekaa chini kuuliza wasiwasi huo unatoka wapi. Alichofanya ni kukaza mwendo.

Jioni ile mjakazi wa Kaikeyi, Manthara, bibi mwenye kibiongo aliyekuja naye kutoka kwao, alipanda juu ya dari ya jumba akaona barabara zimenyunyiziwa maji na bendera zinapepea. Akauliza, akaambiwa. Akashuka mbio kumwamsha malkia wake. Na hapa niseme neno la kumtetea Kaikeyi, kwa sababu wengi humlaani tangu ukurasa wa kwanza: aliposikia kwamba Rama anatawazwa, alifurahi. Alimpa Manthara kipande cha pambo kama zawadi ya habari njema! Manthara akakitupa chini. Kisha akaanza kumtia hofu, neno baada ya neno: utakuwa mtumwa wa Kausalya, mwanao atakuwa mtumwa wa Rama. Na hofu ilipokwisha kuota, akamkumbusha zile ahadi mbili za vitani. Kaikeyi mwenyewe ni kama hakuwa akizikumbuka. Mjakazi alizikumbuka. Ahadi isiyo na mipaka ina hatari hiyo: huwezi kujua siku ya kudaiwa ni nani atakayekuwa amelishika daftari.

Katika majumba ya kifalme ya hadithi hizo kulikuwa na chumba cha hasira, mahali malkia anapojifungia akiwa amekasirika. Kaikeyi akaingia humo, akavua vito, akalala sakafuni. Mfalme alikuja kwake usiku ule mwenyewe, amejaa furaha, kumpa habari. Hakumkuta kitandani. Mlinzi wa mlango, mikono ameikunja kwa hofu, akamwambia malkia ameingia chumba cha hasira.

Mtu mzima akiambiwa hivyo, usiku wa kuamkia sherehe kubwa kuliko zote za maisha yake, anapaswa kusimama mlangoni na kuvuta pumzi. Dasharatha aliingia. Akamkuta mkewe chini, vito vimetapakaa kama nyota, akaanza kumbembeleza. Unaumwa? Nina waganga. Nani amekuudhi? Kisha akasema maneno ambayo mimi huyaona kuwa ndiyo dalili mbaya kuliko zote. Alimuuliza ni mtu gani asiye na hatia auawe, na ni mwenye hatia gani aachiliwe. Ni maskini gani atajirishwe, na ni tajiri gani afilisiwe. Mfalme, mlinzi wa haki, anauliza ni nani asiye na hatia auawe! Alikuwa ameshatoa kila kitu kabla hajaombwa hata kimoja.

Kaikeyi akajibu kwamba hakuna aliyemdhulumu. Ana haja moja tu. Lakini aahidiwe kwanza, ndipo aseme.

Niliposoma hapo mara ya kwanza baada ya mambo ya pikipiki, niliweka kitabu chini nikatoka nje kupunga upepo.

Mfalme akatabasamu. Akaupitisha mkono wake kwenye nywele za mkewe, akaapa. Na aliapa kwa nani? Kwa Rama, aliye mpenzi wake kuliko watu wote duniani. Kaikeyi akaliita jua, mwezi, mchana, usiku na miungu yote wawe mashahidi wa kiapo hicho. Mtu anayekuombea mashahidi kabla ya kukutajia ombi, huyo anajua kwamba ukilisikia utarudi nyuma. Hata hapo, kwa sekunde chache, nafasi ilikuwapo. Angeweza kusema, "Mbona mashahidi wengi hivi, mke wangu? Ni jambo gani?" Hakusema.

Ndipo mambo mawili yakatajwa. Maandalizi yaleyale yaliyofanywa kwa ajili ya Rama yamtawaze Bharata. Na Rama aende msitu wa Dandaka miaka 14, avae magome ya miti na ngozi ya paa.

Mfalme alizimia. Akazinduka, akafoka, akalia, akashika miguu ya mkewe. Usiku mzima ulipita hivyo huku nje watu wakipamba mji. Asubuhi Rama alipoitwa, baba aliweza kutamka jina la mwanawe tu, hakuweza kuendelea. Ombi likatajwa na Kaikeyi. Rama akalikubali bila kubadilika uso. Baadaye Dasharatha alimwambia mwanawe amfunge yeye baba yake na auchukue ufalme kwa nguvu, kwa kuwa amelaghaiwa. Rama akakataa: neno la baba lisiwe uongo. Ahadi ni deni, nasi tumelelewa hivyo pia. Kwa hiyo aliyelipa ni mtu asiyekopa. Sita, mke wa Rama, akaenda naye, na Lakshmana akaenda. Sumantra, mwendeshaji wa mfalme, akaendesha gari. Mfalme mzee akatoka mbio kwa miguu, akipiga kelele gari lisimame, na Rama akimhimiza Sumantra asonge. Dasharatha akabaki anatazama vumbi. Vumbi lilipotoweka, akaanguka.

Kuna masimulizi ya Kibuddha ya kisa hikihiki, Dasaratha Jataka, yanayokwenda tofauti kidogo, nami nayapenda kwa sababu moja. Humo mfalme yuko Varanasi, naye vilevile alimwahidi malkia ombi moja, mtoto alipozaliwa. Malkia alipokuja kudai ufalme kwa ajili ya mwanawe, mfalme alikataa, akamkaripia. Lakini malkia hakuacha kumwandama, na mfalme akaanza kuogopa kuwa watoto wake wengine watafanyiwa vitimbi, akawapeleka mbali mwenyewe, miaka 12. Nawaandikia hili wale wanaosema, "Mimi ningekataa tu." Hata huyo aliyekataa, watoto walikwenda porini. Mlango ukishafunguliwa, kuusukuma urudi ni kazi nyingine.

Na faida ilimfikia nani? Bharata aliitwa kutoka Kekaya bila kuambiwa kilichotokea. Alipofika, alikuta mwili wa baba yake umehifadhiwa ndani ya chombo kikubwa cha mafuta ukimsubiri mwana wa kuuchoma, kwa maana wana wawili walikuwa porini na wawili ugenini. Aliposikia mama yake ameomba nini, alimlaumu kwa maneno makali, akakataa kiti. Alimfuata Rama msituni, akarudi na viatu vyake, akaviweka juu ya kiti cha enzi, naye akaishi kijijini Nandigrama akitawala kwa niaba ya viatu. Kaikeyi akabaki mjane asiye na shukrani ya mtu.

Mfalme alikufa usiku wa sita baada ya Rama kuondoka, katika nyumba ya Kausalya. Kabla hajakata roho, alikumbuka jambo ambalo hakuwa amelisema miaka yote, akamsimulia mkewe. Alisema yeye ni kama mtu aliyekata miembe akamwagilia mti mwingine kwa kupenda maua yake, akaja kulia wakati wa matunda.

Alipokuwa kijana, hajaoa, alisifika kwa ufundi mmoja: kulenga kwa sikio. Angesikia sauti gizani, avute upinde, mshale upige penye sauti. Watu walimshangilia kwa hilo, na sifa zile, anakiri mwenyewe, zilimlevya. Jioni moja ya masika alikwenda kando ya Sarayu kuvizia nyati au tembo wanaokuja kunywa maji. Giza likaingia. Akasikia mtoni mlio wa kugugumia, kama tembo anayevuta maji. Hakuona kitu. Akaachia mshale.

Sauti iliyojibu ilikuwa ya mtu. Akakimbia, akamkuta kijana mtawa amelala kwenye matope ya ukingo, mshale kifuani, mtungi umedondoka kando. Mlio ule ulikuwa wa mtungi ukijaa. Kijana hakuwa na adui duniani. Alikuwa akiwachotea maji wazazi wake wawili, wazee vipofu, wasio na mtu mwingine. Alimwonyesha mwana wa mfalme njia ya kwenda kwao, akamwomba auchomoe mshale kwa sababu unamtesa. Ulipochomolewa, akafa. Baadaye yule baba kipofu alimtamkia Dasharatha kwamba naye atakufa kwa uchungu wa mwana.

Lakini kabla ya hapo kuna mwendo mfupi wa njia ya msituni ambao sijaweza kuusahau. Dasharatha aliuokota mtungi, akaujaza maji, akaenda. Wale wazee walikuwa wamekaa wanangoja. Baba akasikia hatua zikija, akajua ni mwanawe, akamuuliza mbona amekawia, alete maji haraka, mama yake amekwisha kuingiwa na wasiwasi.

Dasharatha akasimama mbele yao, mtungi mkononi.